Kitanda Changu Si Kifaa cha Maabara

Kwa Bwana Mkaguzi wa Mali za Chuo Kikuu,

Mwanangu uliyepotea,

Hivi una mguu gani usiojua kurudi ulikopita? Ulikuja kwangu, ukakaa, ukanywa chai yangu, ukaaga kwa kusema, "Bibi, wiki ijayo narudi kumalizia." Tangu hapo mvua zimenyesha zikakatika, paka amezaa, watoto wa paka wamehama, na wewe kimya. Hata fundi bomba hurudi kufuata spana yake.

Mimi sikusoma. Anayeniandikia ni jirani yangu, fundi cherehani, na nimemwambia asipunguze neno. Alitaka kuanza na "kwa unyenyekevu mkubwa", nikamkataza. Aandike unyenyekevu wa kiasi.

Nikukumbushe jambo lenyewe, maana najua mafaili yamekujaa mpaka masikioni. Mjukuu wangu, ambaye mtaa mzima humwita Mama Wadudu, alikuwa na mradi wa serikali hapo chuoni wa kuchunguza wadudu wanaotoboa maharage ghalani. Fedha za serikali zilipokwisha, chumba chake cha maabara kikapewa watu wengine kabla hata hajakifagia. Vikabaki hadubini, mizani ya kupimia vitu vidogo, na kabati la joto walimolelewa wale wadudu. Chuo kikasema vifaa ni vya serikali, ije ivichukue. Serikali ikasema ni vya chuo, kibaki navyo. Stoo ikasema imejaa. Basi mkuu wake akamwambia avihifadhi nyumbani kwa muda. Nyumbani maana yake ni chumbani kwangu, kati ya kitanda na dirisha.

Ndipo ukaja wewe kuhesabu. Umeme ulikuwa umekatika. Mjukuu wangu alikuwa ametoka mbio kukununulia sukari. Wewe umebana simu yenye tochi kwapani, mkono huu kikombe, mkono huu lebo. Mpaka anarudi, ulikuwa umebandika hadubini, mizani, kabati la joto, kitanda changu, kiti changu na kinu changu. Nikakuuliza, ukanijibu kwamba utaratibu ndio huo, kilichomo chumbani ni cha mradi. Nami nikadhani ni kama wale wa sensa, wanaoandika mlangoni kwa chaki na kwenda zao. Nikakuongezea chai. Leo naijutia ile chai.

Sasa malalamiko yangu haya hapa. Nimeyapanga kwa namba, kwa sababu fundi anasema watu wa ofisi kitu kisicho na namba hamkioni.

1. Mjukuu wangu amenyimwa hati ya kufunga mradi. Ofisi ya hesabu imesoma orodha yako ikakuta vifaa vimezidi vile vilivyonunuliwa. Sasa wanamuuliza kitanda kilinunuliwa kwa fungu gani, risiti iko wapi, na utafiti wa wadudu ulihitaji godoro la nini. Mtoto hajawahi kuchukua hata kalamu ya chuo! Kuna kituo cha utafiti kimempa kazi, ila bila hati hiyo hawampokei, na mwezi ukiisha nafasi anapewa mwingine. Ameketi jikoni kwangu anachambua maharage, na akikuta lililotobolewa analitazama kama picha ya marehemu. Hili ndilo kubwa. Mengine soma ukipenda, hili lisome mara mbili.

2. Kuhusu risiti. Kitanda hicho alikichonga marehemu mume wangu kabla ya kunioa. Aliyekileta ni yeye, aliyekipokea ni mimi, na hatukuandikishana. Shahidi aliyebaki hai ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu, na huyo akikuambia kumekucha, toka nje uhakikishe.

3. Gundi yako haipendi mbao, inapenda nguo. Nilikwenda kliniki ya macho, nesi akanigeuza, akasoma mgongoni kwangu kwa sauti: MALI YA MRADI, ISIHAMISHWE BILA KIBALI. Akaniuliza kibali changu kiko wapi. Foleni nzima ikacheka, na mzee mmoja mwenye jicho moja zima akauliza kama mradi huo bado unapokea maombi. Nilimpa jibu ambalo fundi amekataa kuliandika. Lebo nikairudisha kwenye kiti, nikaigongelea misumari.

4. Umenikatia undugu. Huyo shemeji alikuwa haishi kuja kwangu. Leo anaazima kinu, kesho kiti, na kile kitanda alianza kukipima kwa macho tangu msibani, akisema cha kaka ni cha mdogo wake. Siku alipoziona lebo za serikali alirudi kinyumenyume mpaka akaangusha ndoo. Hajakanyaga tena. Kinu kipo, kiti kipo, nyumba kimya, na mimi mjane sina wa kugombana naye.

5. Kwenye orodha yenu mmeandika kwamba kitanda kimechakaa kwa hesabu na thamani yake sasa ni sifuri. Mwanangu, umekilalia? Nimekizalia watoto sita, nimekiugulia malaria, na mpaka leo ukikitikisa hakitoi sauti. Mjukuu wangu anasema mlango wa ofisi yenu ukifunguliwa unalia kama mbuzi, na huo hamkuuandikia sifuri.

6. Haya, tuseme mna haki, kitanda ni chenu. Basi tuwe wakweli mpaka mwisho. Watoto wangu wote wamezaliwa juu ya kifaa cha serikali, kwa hiyo ni matokeo ya utafiti, nami naomba waingizwe kwenye ripoti. Watano wako vizuri, mnaweza kuwaonyesha wageni. Yule wa tatu amerudi nyumbani na mvi zake, anaamka jua likiwa utosini, na kwa maharage anawashinda wale wadudu, maana wao walikuwa wanaacha maganda. Huyo ni mali yenu. Njooni na gari mumchukue mkamhifadhi. Mkisema stoo imejaa, na mimi chumba kimejaa.

7. Na mimi je? Nakilalia kila siku bila kibali. Ama mimi ni mvamizi, niitieni askari, ama mimi ni mtafiti, nipeni koti jeupe na ofisi yenye dirisha. Nimekaa na kabati la joto lisilo na mdudu hata mmoja, nalifuta vumbi, naliita jina lake, nalifunika mvua ikivuja. Serikali hailitaki, chuo hakilitaki. Katika nyumba hii hakuna yatima ila hilo.

Kwa hiyo nataka uje. Uchukue vyenu vitatu, ubandue lebo zako zote mpaka gundi yake, na uandike kwa mkono wako kwamba ulikosea, mtoto apewe hati yake aende kazini. Kukosea si aibu, umeme ulikuwa umekatika. Aibu ni kukaa kimya huku mtoto wa mwenzio anaitwa mwizi wa godoro.

Nisalimie mkeo, nisalimie na mama yako, maana kikombe ulikirudisha jikoni mwenyewe, nikaona hapa pana mtu aliyelelewa. Wasalimie ofisi ya hesabu, hata yule wa godoro. Fundi naye anakusalimu. Anasema suruali uliyoivaa siku ile imefumuka nyuma, uje nayo.

Ni mimi, bibi yake Mama Wadudu, mwenye kitanda. Hapa nimeweka dole gumba.

Nyongeza: Fundi alikuwa ameshafunga bahasha, nimemfungulisha. Shemeji amepita hapa sasa hivi. Amechungulia dirishani, ameiona lebo, ameniamkia kwa adabu kama anayemwamkia karani wa mahakama, akaenda zake mikono mitupu. Nimekaa nikafikiri. Mjukuu wangu akienda kwenye kituo chake, nitabaki na huyu wa tatu, na shemeji akija kubeba kitanda, huyu atamshikia upande mmoja. Basi yale ya kubandua niliyosema, yaache. Kwenye orodha yako futa, kwenye kitanda changu usiguse. Ya mtoto yamalize kwanza hukohuko ofisini, kabla hujainuka kitini. Kisha njoo uchukue vyenu, chai nitaweka. Redio, sufuria kubwa na mbuzi bado havijaandikishwa. Ukija, beba bunda zima la lebo na gundi inayoshika mbao, na uanzie mlangoni.