Sarafu ya Ndugu Wawili

Waheshimiwa Maseneta mliofika na mliotuma watumwa wenu wafike kwa niaba yenu, Mheshimiwa Mkuu wa Walinzi wa Ikulu, makuhani wa Jupita, wagonga nyundo wangu wapendwa, na nyie wauza soseji mlioziba mlango, itifaki imezingatiwa! Mimi, Titinio Basulo, Msimamizi wa Karakana ya Sarafu, niliyechapa sura za wafalme watatu bila hata mmoja kulalamikia pua yake (vicheko), nasimama hapa Rumi kwa unyenyekevu ambao ni wachache wanaoufikia.

Ndugu wananchi, tangu Mfalme Baba atutoke na kuwa mungu, kama mlivyojulishwa kwenye sarafu ile ya tai, wapo wachonganishi wanaodai kwamba wanawe, Kaisari Aulo na mdogo wake Kaisari Desimo, wamejenga ukuta katikati ya ikulu na kila mmoja ana mtu wa kumwonjea chakula. (Sauti: "Wanadai nini? Matofali nimebeba mimi!") Huyo bwana atolewe nje. Ndiyo maana ofisi yangu, kupitia mkakati shirikishi wa kuimarisha mshikamano wa kifamilia, imebuni Mradi wa Sarafu ya Mapatano: ndugu wawili, uso kwa uso, wameshikana mikono, kazi ya mchongaji wetu Hedisto. Simama Hedisto, watu wakuone! (Makofi.) Utafiti umebaini kwamba asilimia tisini na tisa ya wadau wakiiona tu, hofu inawaisha. (Bibi mmoja: "We mzee, mkishachapa Mapatano sisi tunafunga milango!" Kicheko kirefu.) Bibi, hizo takwimu si rasmi. Vijana, rusheni, kila mtu apate!

(Sarafu zinarushwa, watu wanagombania. Askari anapenya na kumnong'oneza Msimamizi.)

Kaisari Desimo kauawa? Mezani? Na Kaisari Aulo mzima? Jupita ashukuriwe.

Ndugu wananchi, kama nilivyokuwa nikisema, Kaisari Aulo, mtoto wa pekee wa Mfalme Baba, hajawahi kuwa na mdogo, na huo ndio msimamo wa ofisi yangu tangu awali. Hicho mlichookota si sarafu, na atakayekutwa nacho atajieleza. (Vyuma vinaanguka sakafuni. Hakuna anayeinama. Askari wanamkamata Hedisto, naye anapaza sauti: "Bosi, si wewe uliyeniagiza? Jana uliisifu hii sura!") Karakana hii haijawahi kuwa na mchongaji wa jina hilo. (Mwanamke mjamzito: "Sasa huyo mnayemburuta ni nani? Si mume wangu huyo!") Pole mama, hujawahi kuolewa.

Mapatano! (Sauti chache: "Yadumu!") Mfalme mmoja! ("Adumu!") Nawashukuru kwa dhati kwa kuhudhuria uzinduzi ambao haukufanyika, wa mradi ambao haukuwahi kuwepo. Tokeni taratibu, viganja wazi, askari wavione.

(Wanatoka, viganja wazi. Mke wa Hedisto anatoka wa mwisho, amekunja ngumi.)