Nani Atapiga Kelele ya "Hastahili"?

Redio aliingia na kuuacha mlango wazi. Kwenye baridi ya Februari, huku juu milimani Ipiro, Ugiriki, anayeacha mlango wazi ama amelewa ama ana habari, na ilikuwa bado asubuhi.

"Kimenuka, jamani! Askofu anakuja kesho. Anakuja kumpa mtu ushemasi, na wiki inayofuata upadri. Mtu wa hapa hapa kijijini!"

"Funga mlango kwanza," alisema Lambro.

"We mzee, nakuletea habari nzito hivi, wewe unanitajia mlango?"

"Habari haitoki. Joto ndilo linalotoka."

Redio, ambaye mama yake alimwita Miltos, akaufunga kwa kisigino. Jina la Redio alipewa na kijiwe, kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Lambro naye alikuwa Upinzani. Hakuna kura iliyowahi kupigwa kijijini asiipinge, pamoja na ile ya kuleta bomba la maji mtaani kwake. Kanisani alikuwa haendi. Mara ya mwisho alimpeleka mkewe, Fani, akiwa ndani ya jeneza, na tangu hapo yeye na Mungu walikuwa hawasalimiani.

"Mtu gani huyo?" aliuliza aliyekaa naye kwenye tavli, mchezo wa kete na dadu, mwalimu mstaafu Achileas. Huyu ni Kamusi. Ukimpa salamu hakuitikii mpaka akueleze salamu hiyo ilizaliwa wapi na baba yake nani.

Redio alielekeza kidevu kaunta.

Pale kaunta, Zisi mwenye mkahawa alikuwa ameinamia kibirika chake cha shaba, na kahawa ikafurika, ikamwagikia moto. Tangu wamjue, kahawa ya Zisi haijawahi kumwagika.

"Ni kweli," alisema Zisi, akifuta jiko. "Miaka hatuna padri. Tunazikwa na wa kuazima, tena anafika amechelewa, anawataja marehemu kwa majina ya kijiji kingine. Askofu kaniuliza kama niko tayari. Nikasema ndiyo."

"Na mkahawa?" aliuliza Lambro.

"Kasema nichague. Joho au kibirika."

Lambro akanywa funda la tsipuro, akakunja uso. "Ndiyo maana pombe yako ni maji matupu. Akili yako imeshahamia mbinguni."

"Ni yako tu," alisema Redio, akijimiminia kidogo kutoka chupa ya mezani. "Hii imenichoma mpaka kisigino kile nilichofungia mlango."

"Marigo si yupo?" Lambro aliharakisha. "Mkeo si atauendesha?"

Pazia la jikoni likafunguka, Marigo akatokea na taulo begani.

"Marigo mnayemjua amekufa. Wiki ijayo mniite Presvitera, kama anavyoitwa mke wa padri yeyote."

"Hongera, mama," alisema Kamusi. "Unajua maana yake lakini? Presvitera ni mwanamke aliye mzee kuliko..."

Taulo liliruka, likamtua usoni kabla hajamaliza.

"Nimeosha vikombe vyenu mpaka vidole vimekunjamana kama zabibu kavu! Tena wewe Redio unazima sigara kwenye kisahani. Nikipita mtakuwa mnasimama. Zisi, twende tukachukue kuni."

Wakatoka nje. Wazee watatu wakasogeza viti mpaka magoti yakagusana.

"Mnamwona?" alisema Redio. "Bado hajavikwa joho, mke kashapanda cheo."

"Hapo ndipo watu wanapochemka," alisema Kamusi, akilikunja taulo vizuri kana kwamba amepewa zawadi. "Wanadhani anapanda. Shemasi kwa lugha yetu ni diakonos, na diakonos maana yake mhudumu. Mtu wa kushika sinia. Wako wazee wa zamani waliodai neno limetokana na vumbi, yaani anayekimbia huku na huku mpaka anatimua vumbi."

"Basi Zisi ni shemasi siku nyingi!"

"Kabisa."

"Sasa askofu anakuja kumpa nini? Kofia?"

"Askofu mwenyewe ni episkopos. Mwangalizi. Msimamizi wa kazi."

Ndilo neno hilo hilo lililotembea kwa miguu mpaka Uswahilini, likafika limechoka, nusu yake imebaki njiani, likaitwa askofu. Lakini hayo Redio hakuyajua, na yangemwongezea maneno bure.

"Yaani kama yule nyapara aliyetusimamia tukijenga barabara?"

"Huyo huyo."

"Yule si alikuwa analala chini ya lori!"

"Alikuwa anaangalia kwa macho ya ndani."

"Na hili la kumwita Despota?"

"Bwana mwenye nyumba."

"Hata mimi nina nyumba!"

"Una nyumba," alisema Lambro, "ila despota wa nyumba yako tunamjua, na jana alikufuata hapa na mwiko."

Walicheka mpaka Kamusi akavua miwani akafuta machozi kwa taulo la Marigo. Alipoivaa tena, alikuwa kashapata moto.

"Hebu sikilizeni. Ierarhia, yaani ngazi za vyeo. Neno letu wenyewe, dunia nzima imeliazima na hairudishi. Ieros, kitakatifu. Arhi, mwanzo, na pia utawala. Lilipata umaarufu kwa sababu ya malaika. Wamepangwa madaraja tisa. La juu linapokea nuru, linaipitisha kwa la chini yake, na hilo linaipitisha, mpaka chini kabisa."

"Na la tisa linampitishia nani?" aliuliza Lambro.

"Sisi."

"Basi nuru yangu imekatikia njiani, kama bomba la mtaa wangu."

"Bomba la mtaa wako ulilipinga mwenyewe!"

"Nililipinga kwa sababu lilikuwa linaanzia kwa mwenyekiti."

"Ndiyo ierarhia yenyewe hiyo, mzee baba!" alisema Redio. "Nuru inaanzia kwa mwenyekiti!"

"Wa maofisini ndio walioliiba," alisema Kamusi. "Malaika wamebaki na mabawa, karani amebaki na neno. Ukienda kuomba muhuri ofisini, yule bwana wa dirishani anavyokutazama, utadhani ana mabawa sita."

"Acheni malaika!" Lambro alipiga meza, kete za tavli zikaruka. "Jumatatu tutakaa wapi?"

Kijiji cha bondeni kilikuwa na mkahawa, lakini kahawa ya huko ilitoka kwenye mashine inayopiga kelele kama trekta, na vijana wa huko hawamjui mtu.

Kwa Redio na Kamusi hilo lilikuwa suala la kahawa. Kwa Lambro halikuwa la kahawa. Anaishi peke yake tangu Fani aondoke, na asubuhi akichelewa kutokea, Zisi huvua aproni, hupanda mtaa ule wa mawe, hugonga mlango na kusema, "Kahawa inapoa, bwana." Kahawa yenyewe inakuwa hata haijapikwa. Mkahawa ukifungwa, Lambro anaweza kufa Jumatatu wakajua Alhamisi, na hilo lilimtisha kuliko kufa kwenyewe.

"Njia ipo," alisema Kamusi taratibu, na wenzake wakainama. "Askofu akimvika shemasi, anatangaza 'Aksios!' Anastahili. Watu wote wanaitikia, anastahili. Lakini ni haki ya muumini yeyote kupiga kelele, hastahili. Ikitokea, askofu lazima asimame aulize."

"Imewahi kutokea?"

"Hapa, kamwe."

"Basi itatokea," alisema Redio. "Nani anapiga?"

Ghafla kila mtu akawa na kazi. Redio alichunguza kiatu. Kamusi alikohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho.

"Tupige kura," alisema Kamusi hatimaye. "Ndiyo asili ya neno makasisi katika lugha yetu, kliros. Maana yake kura, fungu lililomwangukia mtu. Tukirusha dadu, tunafanya jambo takatifu kabisa. Mwenye ndogo ndiye."

Redio akapata tano na nne, akazibusu dadu. Kamusi akapata tatu na sita. Lambro akazitikisa mkononi kwa muda mrefu, akazirusha. Moja na moja.

"Upinzani!" Redio alishangilia. "Mungu hakosei! Kazi umeifanyia mazoezi maisha yako yote!"

Mlango ukafunguka. Zisi aliingia na kuni kifuani, akawakuta watatu wameketi wima kama wanafunzi.

"Kuna nini?"

"Tunakuombea," alisema Kamusi.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Lambro alivaa suti aliyomzikia Fani, akasimama nyuma kabisa. Redio alikuwa kulia kwake, Kamusi kushoto, wamembana kama askari na mfungwa. Kule mbele Zisi alipiga magoti, askofu akamwekea mikono kichwani. Kisha askofu akauinua ukanda mrefu anaovikwa shemasi begani, watu wote wauone.

"Anastahili!"

Redio akampiga Lambro kiwiko.

"Hastahili!" alipaza Lambro.

Sauti ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. Kwaya ilikatika katikati ya pumzi. Bibi mmoja aliangusha mshumaa. Marigo aligeuka, na macho yake yalikuwa yamekwishachagua taulo la kumpiga. Lambro alitazama kulia, Redio hayupo. Kushoto, Kamusi alikuwa anaibusu picha takatifu ya ukutani kwa ibada ambayo hakuwahi kuwa nayo.

"Nani amesema?" aliuliza askofu. Hakukasirika. "Njoo mbele, mzee wangu. Sema sababu."

Lambro alitembea kati ya watu, akimpekua Zisi kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye koti. Alimwibia nani? Hakuiba. Alimtukana nani? Hakutukana. Alifika mbele mikono mitupu.

"Ana dhambi gani?" aliuliza askofu.

"Mhashamu, anachakachua pombe! Anatia maji kwenye tsipuro!"

Minong'ono ikaenea. "Mwongo!" alisema mtu nyuma, na sauti ilifanana sana na ya Redio. "Tsipuro ya Zisi inachoma mpaka kisigino!"

"Ni yangu tu anayotia," alisema Lambro.

"Kwa nini yako tu?"

Hapo Upinzani alitafuta la kupinga, hakulipata.

"Mke wangu alipofariki nilikuwa nakunywa, Mhashamu. Nilikuwa nakunywa nisiamke. Akaanza kuitia maji. Kidogo kidogo, nisijue. Nilijua. Hajawahi kuniambia, nami sijamwambia. Na nikichelewa asubuhi anakuja kunigongea. Sasa ukimchukua wewe, mimi nani atanigongea?"

Zisi, bado amepiga magoti, alikuwa anatazama sakafu, na masikio yake yalikuwa mekundu.

Ndevu za askofu zilicheza.

"Mzee wangu, hivi punde tutafika kwenye kikombe cha Bwana. Shemasi analeta maji ya moto, anayatia kwenye divai. Ndiyo kazi ya kwanza nitakayompa huyu. Nilikuwa na wasiwasi kama ataiweza." Akauinua tena ule ukanda. "Kumbe ana uzoefu. Nawe unasemaje?"

"Anastahili!" alisema Lambro, na safari hii hakujali sauti ina ukubwa gani, akairudia mpaka kwaya ikamfuata yeye badala ya askofu.

Jumatatu asubuhi Redio na Kamusi walikwenda kuuaga mkahawa uliofungwa, wakaukuta wazi. Jiko la kuni linawaka. Nyuma ya kaunta, ndani ya aproni iliyomfika magotini, alikuwa Lambro, na kahawa imemwagikia kila mahali.

"Kliros!" alisema Kamusi kwa furaha. "Fungu limemwangukia!"

"Hakuna dadu iliyorushwa," alisema Lambro. "Zisi amenigongea alfajiri, akanipa ufunguo. Kasema kahawa inapoa. Kaeni chini, na wewe Redio, ole wako uzime sigara kwenye kisahani."

"Mhudumu! Shemasi! Kahawa mbili!" aliita Redio.

Hawajamaliza kucheka, mlango ukafunguka, akaingia Zisi, joho jipya linaburuzika, hajui mikono aiweke wapi. Akatazama kaunta yake, akatazama kiti cha Lambro kando ya jiko, akakaa humo kwa uangalifu kama mgeni.

"Baba Shemasi, nikupe nini?" aliuliza Lambro.

"Nipe tsipuro kidogo, bwana. Sikulala."

Lambro akamletea kwenye sinia, halikumwagika tone. Zisi akanywa funda, akakunja uso.

"Lambro, hii ina maji."

"Nenda kanishtaki kwa askofu."