Mionzi Kwenye Sufuria

Mji mzima hakuna fundi simu anayenifikia! Nalisema mwenyewe, maana wengine wamekataa kulisema.

Dukani kwetu kila simu mbovu hubandikwa kikaratasi cha ugonjwa wake: "Haishiki chaji." "Haisikiki." Basi mama mwenye duka akatangaza kwamba kesho asubuhi atatupima, mimi na fundi mwenzangu tunayemwita Kimya, apate msimamizi wa duka jipya. Usimamizi ule niliutaka kwa udi na uvumba!

Jioni nyumbani, redio ikasema mionzi ya simu huenda ikavuruga usingizi na shughuli za ubongo. Hilo "huenda" nililiruka. Ubongo wa msimamizi uchezewe? Thubutu!

"Simu zote ndani ya sufuria!" nikaamuru. "Chuma kinazuia mionzi."

"Baba watoto, hilo sufuria langu la chai!"

"Mke wangu, hii ni sayansi."

Nikafunika, nikaweka tofali juu ya kifuniko, nikapanda kitandani kwa maringo. Usingizi ng'o! Nikaanza kuwaza: miaka yote hii nimeinamia simu za watu, je, kama ubongo umeshaharibika? Na mtihani kesho! Hofu ikanishika kweli kweli. Nikanyata, nikaondoa tofali, nikatoa simu yangu nisome kidogo tu dalili za mtu aliyeathirika.

Dalili ya kwanza, kukosa usingizi. Mungu wangu, ninayo! Ya pili, wasiwasi. Hiyo nayo ninayo! Nikazidi kusoma.

"Unafanya nini?" mke wangu akauliza kutoka ndani ya shuka.

"Najikinga na mionzi."

"Kwa kuikumbatia?"

Nikamgeuzia mgongo. Nilikuwa nimefika kwenye video ya daktari anayewasihi watu wazime simu mapema. Ilikuwa nzuri sana, nikairudia mpaka kukapambazuka.

Asubuhi mama mwenye duka akanikabidhi simu mbovu na bisibisi. Nikainama kuichunguza kwa makini. Niliinama vizuri mno.

Niliposhtuka, waya wa chaji ulikuwa umechomekwa kwenye mfuko wa shati langu. Kimya alikuwa ameshika funguo za duka jipya, na wateja wamejipanga wananisoma usoni huku wakijishika mbavu. Nikajipapasa, nikabandua kikaratasi kwenye paji la uso. Mwandiko ulikuwa wa mama mwenye duka:

"Usiku haizimi. Mchana haiwaki."