Udi wa Mama na Bibi Harusi wa Opera

Leo nimeaibika ukumbi mzima ukinitazama, na nilisimama mwenyewe ili wanione vizuri. Nimekaa jikoni naandika haya, mikono inanuka sabuni. Tangu nirudi natafuta mtu wa kumtupia hata robo ya lawama, simpati. (Nimetafuta kwa bidii, wallahi.)

Nianze mwanzo, maana mie nikianzia katikati hupotea mwenyewe.

Mnamjua Rayya, mtoto wa kaka yangu. Anafanya kazi kwenye kampuni ya opera. Opera ni mchezo wa kuigiza, ila watu wanaimba badala ya kusema, hata wakitukanana. Kampuni yenyewe ndogo, ya huku huku Ghuba, na leo ilikuwa siku ya kuwatangazia wageni michezo ya msimu ujao. Wanaalikwa wafadhili na wake zao, na waimbaji wanawaonjesha kidogo kidogo. Wafadhili wakipendezwa, wanatoa. Wasipopendezwa, msimu unakuwa mfupi.

Rayya alinisemea kwa bosi wake, Bwana Nasser. Akamwambia, "Shangazi yangu anawashonea maharusi wa Mawaleh nzima." (Si Mawaleh nzima. Ni mitaa yetu hii.) Bwana Nasser akasema nijaribiwe kwa gauni moja. Nikiliweza, nguo za msimu mzima nitashona mie. Na hali yangu mnaijua. Tangu soko la mboga lihamishwe kutoka hapa kwetu, gari ya mizigo ya mume wangu inashinda kivulini, na yeye anashinda ndani ya gari. Simlaumu. Mizigo imehama, yeye hakuhama.

Gauni lenyewe la bibi harusi. Jeupe, zito, na shela linalofunika uso mpaka kiunoni. Aliyelivaa mwanzo alikuwa mrefu kama nguzo ya taa, na mwimbaji wa sasa, mzungu aitwaye Irina, ni mfupi. Nikalileta nyumbani, nikalipunguza, nikakaza shanga zilizolegea. Asubuhi ya leo likawa tayari. Nikalitundika mlangoni, nikasogea nyuma kulitazama. Lilipendeza. (Upindo wa nyuma sikuridhika nao, lakini nani ataingia chini kuutazama?)

Laiti ningeishia hapo!

Nikanusa. Gauni la bibi harusi linanuka kabati. Nikajiambia, huyu anatoka nyumbani kwangu hivihivi, hakufukizwa? Kwetu bibi harusi anaweza kutoka na viatu vya kuazima, lakini bila udi hatoki. Nikaona kama mtu atamnusa yule mzungu na kusema huko alikotoka hakuna wanawake.

Sasa, udi. Marehemu mama alikuwa anapika mwenyewe. Udi, sukari, marashi ya mawardi, miski, na yeye amesimama juu ya sufuria mpaka miguu inavimba, na hataki mtu amsaidie. Alitutoka kabla ya Ramadhani. Ulibaki mkebe mmoja, nusu. Nilikuwa naufungua, nanusa, naufunga. Sikuwahi kuchoma hata chembe. Leo nikasema, mama angefurahi udi wake ukienda kwa watu wakubwa. Nikatia kaa la moto kwenye chetezo, nikaweka udi wote. (Wote! Sijui mkono wangu ulikuwa na haraka ya nini.) Nikafunika tenga, gauni juu ya tenga, shela juu ya gauni, nikafunga mlango moshi usitoke.

Mume wangu akapita na kikombe chake.

"Anaolewa nani?"

"Mzungu."

"Mungu amjaalie," akasema, akarudi garini.

Rayya akanipokea mlango wa nyuma wa ukumbi. Akaichukua ile nguo, akatia uso ndani. Halafu akasema, "Shangazi, inanukia chumba cha marehemu bibi." Macho yamejaa machozi. Yeye kazi yake tiketi, mambo ya makoo ya waimbaji hayajui. Na kusema haki, hakuna aliyenikataza kufukiza. Kusema haki zaidi, hakuna aliyeniomba.

Nikakaa safu ya nyuma. Pembeni yangu akakaa bibi mmoja mwenye dhahabu mpaka vidole vinashindwa kukunjika. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe wa kwa nani?"

Nikamwambia wa kwa nani. Akawataja jamaa zangu mpaka wengine nisiowajua. Jina lake Bi Salma. Tukawa ndugu papo hapo.

Taa zikapunguzwa. Mpiga piano akaanza. Kabla Irina hajaonekana, udi ukaingia. Safu za mbele nikaona vichwa vya kina mama vinageuka kimoja kimoja, kama upepo umepita kwenye majani.

"Mashaallah!" akasema Bi Salma. "Huo si wa dukani huo. Nani kapika?"

Nikamwinamia sikioni. "Mama yangu."

(Kwa nini sikunyamaza? Ulimi huu!)

Irina akasimama katikati, mdogo, mweupe, shela usoni. Niliringa pale nyuma, siwafichi. Nilishaanza kupanga nitanunua cherehani gani. Basi akavuta pumzi. Jamani, pumzi wanayovuta hawa watu si hii yetu. Alivuta kama anataka kuimaliza hewa ya ukumbi mzima, na hewa iliyokuwa karibu naye ilikuwa ile ya ndani ya shela.

Akatoa sauti moja. Nzuri, nyembamba. Ya pili ikakatika. Halafu kikohozi.

Mpiga piano akarudia mwanzo. Irina akavuta tena. Kikohozi tena, kile cha kuinamisha mtu. Mmoja wa wageni akapiga makofi, nadhani alidhani bibi harusi ameandikiwa kufa. Mara ya tatu hata ile sauti moja haikutoka, ulitoka mkwaruzo. Akalifunua shela, macho mekundu, akatazama mikono yake kama imeibiwa kitu, akatoka.

Bwana Nasser akapanda na karatasi. Mtangazaji akiwa hana mwimbaji afanye nini? Akasoma. Mchezo wa kwanza, wa mapenzi. Wa pili, wa kisasi. Wa tatu, wa kuchekesha. Alisoma kama anatangaza msiba, na alipofika kwenye wa kuchekesha ukumbi ukawa kimya zaidi. Mwisho akaomba radhi, akasema ni hali ya hewa, mabadiliko ya joto na baridi.

Mie nimejikunyata, nimeshaelewa, naomba kiti kinimeze. Na hapo ndipo Bi Salma akaona mtu anadhulumiwa haki yake. Akanyanyua sauti kutoka safu ya nyuma:

"Hali ya hewa wapi, bwana! Udi huo! Umempalia mtoto wa watu, mkali, wa asili! Kapika mamaake huyu hapa! Hebu simama, mwanangu, wakuone!"

Na mie nikasimama.

Mtu mzima kaniambia simama. Nimelelewa hivyo. Nikasimama kama niko skuli, mkoba kifuani, na wafadhili wote wakageuka. Kina mama wawili watatu wakanipigia makofi. Bwana Nasser hakupiga.

Tukakutana kwenye ujia wa nyuma. Yeye ni wa Tabora, anasema polepole. Nilitamani apige kelele.

"Mama, umenimaliza."

"Nisamehe, bwana. Nilitaka kumheshimu."

"Najua. Ndiyo maana nakosa hata la kukwambia." Akamgeukia Rayya. "Nguo uliipokea wewe?"

"Mimi, bosi."

"Hukunusa?"

"Nilinusa. Nikamkumbuka bibi yangu."

Akashika paji la uso. Irina akapita na kitambaa shingoni, akanong'ona neno kwa Kiingereza. Nikamuuliza Rayya kasema nini.

"Anasema harufu nzuri sana, shangazi." Akatazama chini. "Anasema asiisikie tena mpaka kufa kwake."

Hukumu ni hii, na sioni kosa ndani yake. Nguo za msimu atapewa fundi mmoja wa huko mtaa wa Ruwi. Wageni wataitwa tena wiki ijayo, koo la Irina likipoa. Gauni limepelekwa kwa dobi. Shela dobi amelikataa, laini mno, kwa hiyo nimepewa mie nilifue kwa mkono mpaka lisinuke chochote. Likirudi safi, Rayya anabaki kazini. Likirudi na udi, aondoke nalo.

Kwa hiyo nimefua. Mnadhani nilikuwa na la kuchagua? Mtoto wa kaka yangu yule. Mkebe mtupu uko dirishani, na mie nimeinama juu ya beseni, nausugua udi wa mama yangu utoke. Maji ya kwanza yalitoka na rangi ya chai, na mawardi ikajaa nyumba nzima. Mume wangu aliingia kutoka garini bila kuitwa, akasimama mlangoni, akasema, "Mama huyo," akatoka. Maji ya pili yalinuka kidogo. Ya tatu yalinuka sabuni. Sasa shela liko kambani, na nimelinusa mpaka pua inauma: halinuki kitu.

Chekeni, nimewaruhusu, ningekuwa nyinyi ningecheka. Ila atakayekuja kwangu, ndoo iliyofunikwa pale chooni asiimwage. Hayo ni maji ya kwanza.