Stesheni Kuu ya Mtaa wa Mafundi

Mheshimiwa Waziri uliyetuma mwakilishi, mheshimiwa mwakilishi uliye njiani, waheshimiwa wakurugenzi, makamu wao na makaimu wa makamu wao, viongozi wa dini zote zilizosajiliwa, mke wangu mpenzi, shemeji yangu ambaye kwa bahati tu ndiye mkandarasi wetu, na ninyi wananchi mliokaa juani kwa hiari yenu katika bustani hii nzuri: itifaki nimeizingatia, na yenyewe imenizingatia. (Makofi ya meza kuu.)

Ndugu zangu, mimi kama Mwenyekiti wa Kamati ya Taifa ya Kusimamia Kasi, nasimama hapa nikiwa mnyenyekevu kuliko viongozi wote ninaowafahamu, kutamka kwamba mradi wa treni ya mwendokasi, itakayokufikisha pembe yoyote ya nchi kabla chai yako haijapoa, umekamilika kwa asilimia tisini na saba katika ngazi ya dhana, baada ya upembuzi yakinifu, ambao sisi wataalamu tunauita fizibiliti stadi, semina elekezi, na ziara za mafunzo ughaibuni, ambako mimi na mke wangu tulizipanda treni hizo kwa niaba yenu, tena daraja la kwanza, msije mkaletewa kitu hafifu. (Miguno. Mtu anakohoa kwa makusudi.)

Naona mkono kule kwenye maua. Ni mama fundi cherehani. Sema, mama, ila kwa kifupi.

("Mheshimiwa, mlitubomolea vyumba mkasema reli inapita. Sasa nashonea barazani kwa dada yangu, mvua ikinyesha nakusanya vitambaa vya watu nakimbia navyo ndani. Treni sina haja nayo. Kama reli haiji, nirudishieni kiwanja changu nisimamishe japo kibanda.") (Makofi marefu. Askari wanasogea.)

Jamani, mnaona kazi tuliyonayo? Sisi tunawaza kasi, mwenzetu anawaza kibanda. Mama, kiwanja chako hakijapotea, kimeingizwa kwenye maono. Ile alama nyekundu ya kubomoa niliichora ukutani kwako kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya kamera, na wapo wanaoililia heshima hiyo hawaipati. Mstekiholda, yaani mdau, kama wewe alitakiwa kushukuru. (Kicheko cha shemeji.)

Nitikieni basi. Treni kasi! (Wananchi wanajipepea.) Maendeleo kasi! ("Kiwanja changu!") Kasi zaidi! (Meza kuu peke yake: "Zaidi!")

Mwisho, nawashukuru kwa dhati wote mliopisha mradi. Mngegoma kuhama, leo tungekutana wapi? Maana reli yenyewe haikuwahi kuagizwa, hata msumari wake, na eneo zuri kama hili lisingefaa kuachwa lijae vichaka, ndipo familia yangu ikajitolea kulilinda kwa kujenga. Karibuni sana nyumbani kwangu. Mkitoka, tumieni geti dogo. Nawe mama fundi, sogea pembeni tafadhali, hapo uliposimama maua yamepandwa juzi tu.

("Hapa palikuwa mlangoni kwangu," anasema mama fundi, na hasogei.)