Nilivyosainiwa Kisarawe Nikiwa Soga

Jumatano. Asubuhi manyunyu, saa nne jua likatoka kali kama vile halikuwa na habari.

Jamani, leo nimejiaibisha. Hakuna aliyenisukuma.

Mnajua nashona barazani hapa Soga, mvua ikipiga vitambaa vya watu vinalowa. Nimepata fremu ya duka karibu na stesheni. Mwenyewe ni Bi Mwanahawa, mama mtu mzima, anaishi Kisarawe na mguu unamsumbua. Fundi simu mmoja naye anaitaka. Bi Mwanahawa akasema haki ni haki: mkataba wangu ukikamilika kabla ya saa nane mchana leo, fremu yangu. Ukichelewa, ya fundi simu.

Wakili wetu, dada mmoja wa Kibaha, alitutumia kila mtu nakala yake kwenye simu, tukachapishe dukani. Akasema: "Si lazima mkae meza moja. Kila mmoja asaini nakala yake, nitaziunganisha, utakuwa mkataba mmoja." Alieleza vizuri, nisimsingizie. Mimi ndiye niliyebaki najiuliza. (Darasa la saba nilimaliza, ila sikumaliza kwa kishindo.) Karatasi moja ina sahihi yangu tu. Nyingine, ya Bi Mwanahawa tu. Sasa mkataba wenyewe uko wapi? Soga? Kisarawe? Au uko njiani?

Saa tano nikampigia Bi Mwanahawa simu ya video.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeshasaini?"

"Nimesaini, ila nafasi yako kwangu iko tupu."

"Hata kwangu yako tupu. Nimeiangalia mpaka imenitia huzuni. Hebu nijazie hiyo yangu, nimekuruhusu."

Kumjazia lilikuwa wazo lake. Lakini niliyesema "basi na wewe unijazie yangu, tuwe sawa" ni mimi. Lawama nusu kwa nusu.

Nikaona ndiyo maana yake! Kusaini kwa mbali! Huyu anaelekeza, yule anaandika! (Msinitazame hivyo. Kwa wakati ule iliingia akilini.)

Akaegemeza simu kwenye kopo la sukari, akaanza.

"Andika M, halafu iache ikimbie."

Nikaandika nyuma ya kalenda, nikamwonyesha.

"Hiyo inatembea. Nimesema ikimbie!"

Nikaikimbiza.

"Haya, sasa rudi uikate katikati. Taratibu! Mbona unaikata kama una ugomvi nayo?"

Mara tisa! Ya kumi ndiyo nikaiweka kwenye mkataba. Ikawa zamu yangu kumwelekeza, na yangu ni nyepesi: jina Rehema kama lilivyo, na mstari chini. Bi Mwanahawa akaandika mara moja, akapulizia wino ukauke, akaenda kupigiwa picha dukani ili itumwe kwa wakili. Mimi nikapanda bodaboda kupeleka yangu mkononi. (Picha nikipiga mimi, nusu inakuwa kidole.)

Nimefika Kibaha saa saba kasoro. Kwenye benchi watu wanne wanasubiri. Wakili akachukua karatasi yangu, akaiweka kando ya picha iliyotoka Kisarawe. Akatazama huku. Akatazama kule. Akavua miwani.

"Dada Rehema, mbona Bi Mwanahawa ana sahihi mbili tofauti?"

"Moja nimeandika mimi."

"Ulimwandikia sahihi yake?"

"Ndiyo, lakini alikuwepo."

"Alikuwepo wapi?"

"Kwenye simu."

Mzee wa mwisho wa benchi akaanza kukohoa. Hakikuwa kikohozi.

"Na hii ya kwako iliyo kwenye picha?"

"Ya kwangu kaandika yeye." Kwa kuogopa ataonewa, nikaongeza: "Lakini nilimwona kwa macho yangu, nilikuwa namwelekeza mwenyewe!"

Nilidhani namtetea.

Wakili akampigia Bi Mwanahawa, akaweka sauti kubwa. Akatueleza wote wawili kwamba kuandika sahihi ya mtu mwingine kunaitwa kughushi, hata mwenyewe akiwa anakushangilia. Nafasi ya mwenzako unaiacha tupu. Tupu ndiyo sawa!

"Kwa hiyo mimi nimeghushi?" akauliza Bi Mwanahawa.

"Mama, tafadhali, usilitamke kwa sauti. Hapa kuna watu."

"Uzee huu wote sijawahi. Haya niambie basi, nimeghushi vizuri?"

Wakili akajitahidi kukaza uso. Akashindwa.

"Mama, umeandika vizuri kuliko mwenyewe."

Benchi lote! Yule mzee akateleza akakaa chini, mwanamke mmoja akajifunika khanga usoni. Mimi natafuta pa kuingia, meza ina droo tu.

Saa ya ukutani saa saba na robo. Wakili akachana karatasi yangu, akachapisha upya, nikasaini nafasi yangu tu, akatuma nyingine Kisarawe. Duka la kuchapisha la huko liko juu mlimani na mguu wa Bi Mwanahawa ndio ule. Nikamwambia, mama, kama huwezi, mpe tu fundi simu, sitanung'unika.

"Kaa hapohapo," akasema. "Huyo fundi nilimpigia mara mbili hakupokea. Wewe umekaa saa nzima unajifunza M yangu. Napanda."

Saa nane kasoro dakika sita picha ikaingia. Sahihi moja, yake mwenyewe, imekimbia kwelikweli. Wakili akaichapisha, akaibana na ya kwangu, akagonga muhuri. "Ndio huu." Nimeugeuza mbele na nyuma. Bado najiuliza, maana karatasi yake yenyewe iko Kisarawe. Lakini funguo nitapewa kesho, kwa hiyo nimenyamaza.

Jioni tumekula ugali na kisamvu cha nazi. Nimemsimulia mume wangu, akapaliwa, ikabidi apigwe mgongoni. Nawaombeni sana, kama mnakula, msicheke kwanza.