Mkaguzi wa Mwongozo wa Kutoa Picha

Jumatatu, 15 Septemba

Dharau! Kampuni moja ya Dar imetengeneza msaidizi wa akili mnemba. Unamwandikia kwenye simu unachotaka, anakusanifia kadi au bango, kisha anakutolea picha tayari kwa kuchapwa. Sasa wanatafuta mkaguzi mmoja wa mkoa huu, apime kama mwongozo wa kutoa hizo picha unaeleweka. Mimi hapa Segera nimechora mabango tangu enzi za rangi na brashi. Na wamemwita nani ashindane nami? Yusta! Yusta wa kibanda cha fotokopi kinachotazamana na changu, ambaye juzi tu alikuwa akiniuliza namna ya kugeuza picha.

Dada Rosa wa kampuni amepiga simu kutoa masharti. Kila mmoja asome mwongozo, aandike kasoro zake, kisha autumie kwa kazi ya mteja wa kweli. Mteja naye atume ujumbe wa sauti aeleze ilivyokuwa. Mshindi ataitwa Mkaguzi wa Mkoa. Cheo hicho ni changu, hakuna mjadala.

Jumanne, 16 Septemba

Nimemchungulia Yusta. Anausoma mwongozo tangu asubuhi, kidole kwenye kioo cha simu, mstari kwa mstari. Nimecheka peke yangu. Mkaguzi hasomi, mkaguzi anakagua. Mpango wangu ni kuonyesha kwamba mwongozo una maneno mengi. Anayepunguza ndiye anayeonekana ana akili.

Nimefyeka. Aya ya utangulizi, nje. Aya ya majina ya mafaili, nje. Kisha nikakutana na hii: "Msaidizi hutoa kile tu ulichokichagua. Ukichagua maandishi peke yake, rangi ya nyuma haitatoka." Hilo nalo la kumwambia mtu mzima? Ukimwita mgeni si anakuja na nguo zake? Nimeikata kwa mstari mwekundu na kuandika pembeni kwamba inawatukana mafundi. Nimetuma kabla Yusta hajafika katikati.

Jumatano, 17 Septemba

Mteja nimempata, tena si mdogo. Mzee Mhina wa Kwaluguru anamwoza binti yake Jumamosi hii. Nimempa shikamoo mara mbili na kumwahidi bango la kitambaa, litundikwe nyuma ya kiti cha bibi harusi. Akasema msimamizi wa shughuli ni dada yake, Bi Mwantumu, na huyo hapendi mzaha. Nikamwambia hata mimi sipendi.

Msaidizi amechora vizuri, siwezi kumsingizia. Kijani kibichi, maandishi meupe, maua ya asumini meupe. Akaniuliza kwa adabu nataka atoe sehemu ipi. Nikachagua maandishi na maua, maana ndiyo yenye kazi. Rangi ya nyuma itafuata yenyewe. Picha ikafunguka kwenye simu, meupe juu ya weusi. Simu yangu huweka weusi kila mahali ili kubana chaji, kwa hiyo sikushtuka.

Ijumaa, 19 Septemba

Korogwe, kwa Gerald mchapaji. Gerald ana mdomo, na mke wake ni shoga wa Yusta. Nikamwagiza achape, akunje, afunge kwa gazeti, asione mtu. Akataka kuniambia jambo kuhusu hiyo picha. Nikamkatiza, nikamwambia yeye ashughulike na mashine, akili aniachie mimi. Akainua mabega, akachapa. Safi.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika kwa hasira.

Nilitaka wote waone. Nikaomba muziki uzimwe na akina mama wasitishe vigelegele. Vijana wawili wakashika ncha, wakavuta. Kitambaa cheupe, kirefu, hakina herufi wala ua.

Mimi ni Mkristo, nimekulia kambi ya mkonge. Nikadhani watu wamenyamaza kwa sababu hawaoni majina. Bi Mwantumu akajitanda kanga kichwani, akasogea, akaniuliza kwa sauti ya chini nani amefariki. Bibi mmoja nyuma yake akaanza kusoma Inna lillahi. Bibi harusi analia, wanja unamshuka mashavuni. Ndipo nikaelewa. Nimewapelekea sanda harusini.

Nikaeleza kwamba maandishi yapo, ila ni meupe, na kijani cha nyuma hakikutoka. Haikusaidia. Bi Mwantumu akaniambia maneno ya Kizigua ambayo nimeamua sikuyaelewa. Wakatundika kanga zao, doti kwa doti, ikapendeza, jambo lililoniudhi zaidi. Pilau nimeila nyuma ya nyumba.

Mwenye kosa ni nani? Mwongozo! Ungenionya kwa nguvu, ningeikata ile aya? Onyo gani hilo linaloruhusu kukatwa?

Jumapili, 21 Septemba

Nimemsihi Mzee Mhina asitume ujumbe wa sauti. Ametuma. Ni muungwana, ndilo tatizo lake. Amemsalimu Rosa, amemuuliza hali ya wazazi na mvua za Dar. Kisha akasema kijana wetu Simeo ameleta kitambaa kizuri, kizito, naye mzee amekiweka sandukuni, na siku yake ikifika watoto wasihangaike kununua kingine. Maandishi, akasema, hakubahatika kuyaona.

Jumatatu, 22 Septemba

Rosa amepiga. Cheo amepewa Yusta! Ameitengenezea kwaya ya Mkumbara bango, na rangi zimetoka zote. Kasoro aliyoandika ni moja tu, kwamba ile aya ya kuchagua imejificha, ipandishwe iwe ya kwanza. Basi nani ameithibitisha kasoro hiyo kwa vitendo, mbele ya kijiji kizima? Rosa mwenyewe amekiri kwamba mambo ya Kwaluguru yamewasaidia sana. Nikamuuliza shukrani yangu iko wapi. Akasema Yusta anahitaji msaidizi. Ametutumia sote mwongozo uliorekebishwa, na atakayeusoma kwa makini atafikiriwa.

Msaidizi wa Yusta! Kisha nikawaza, nikishaingia ndani nitampindua. Nimemjibu Rosa papo hapo kwamba nimeusoma wote, tena kwa makini, na aya ya kwanza iondolewe. Faili lenyewe bado linapakuliwa.